Udupi: alfajiri ya kawaida au siku ya Paryaya?
Sri Krishna Matha, nyumba ya watawa wa Kihindu iliyoanzishwa na mwanafalsafa Madhvacharya karne ya 13 mjini Udupi, kusini mwa India, ina sura mbili kwa mgeni.

Alfajiri ya siku ya kawaida unavua viatu, mwanamume anavua na shati, kisha mnafuata foleni taratibu hadi kwenye kidirisha kilichopambwa kwa fedha, chenye matundu tisa. Sanamu ya mungu Krishna huonwa kwa kuchungulia hapo tu. Unainama, macho yanazoea giza, mara taa ya mafuta inakuonyesha uso mdogo mweusi uliovikwa maua. Mchana unaketi na mahujaji, unakula wali bila kulipa.

Paryaya, sherehe ya kukabidhiana zamu ya ibada, huja Januari 18, kila baada ya miaka miwili. Ya karibuni ni 2024 na 2026. Matha (nyumba za watawa) nane za Udupi hupokezana zamu hiyo, na mkuu anayeondoka humkabidhi mwenzake funguo na upawa wa kupakulia chakula. Fahari tupu! Ila umati ni mkubwa mno, na kidirishani hukai.

Kwa safari ya kwanza, nenda alfajiri.