Mafunzo ya mbwa Nakuru: kuruka viunzi au kunusa?
Mbwa wangu wa miezi 18, wa aina ya Malinois (mbwa mchungaji wa Kibelgiji), alikuwa amekwisha kuutafuna mlango wa banda nilipompeleka kwa mkufunzi mmoja pembezoni mwa Nakuru. Nilitaka mchezo wa kuruka viunzi, ule ulioonyeshwa kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts jijini London mwaka 1978, lakini alishauri tuanze na kunusa, kwa kuwa mbio humpandisha jazba mbwa wa namna hii kabla hajajifunza kutulia. Alificha kitambaa chenye harufu ya karafuu katika mojawapo ya maboksi sita; mbwa akayapita matano, akaganda kwenye la sita, mkia wima. Dakika 15 hizo zilimchosha kuliko matembezi yetu ya asubuhi. Uwanja, hata hivyo, huwa tope tupu mvua ikinyesha, na kivuli hakuna.