MuMa, Le Havre: nendeni mkaone mawingu ya Boudin

Nyota 5. Mabaharia wenzangu mtakaofunga gati Le Havre, Ufaransa, msimalizie ruhusa yenu yote madukani. Nendeni makumbusho ya sanaa ya MuMa, pale pale penye lango la bandari, jengo la vioo lililofunguliwa mwaka 1961 likitazama bahari. Jumatatu hufungwa. Mimi nilikwenda Jumatano alasiri, nikakaa saa mbili na nusu, na bado sikushiba.

Nilimfuata mchoraji mmoja tu, Eugène Boudin. Alizaliwa mwaka 1824 Honfleur, ng'ambo ya pili ya mlango wa mto Seine, mtoto wa baharia. Aliwahi kuwa na duka la karatasi na fremu hapa Le Havre, kisha akaliacha akashika brashi. Enzi zile picha za mandhari kwa kawaida zilimaliziwa chumbani. Boudin alibeba rangi zake hadi ufukweni, akapigwa na upepo ule ule aliokuwa akiuchora. Ndiye aliyemtoa nje kuchora kijana Claude Monet, mchoraji mashuhuri wa baadaye, ambaye wakati huo alikuwa akijipatia riziki kwa vikatuni vya watu wa mjini. Monet hakuusahau wema huo maisha yake yote.

Boudin alifariki mwaka 1898. Miaka miwili baadaye ndugu yake, Louis, aliupa mji wa Le Havre kazi zaidi ya 200 alizoziacha marehemu. Nyingi ni ndogo, za haraka haraka: mashua, ng'ombe, anga.

Sasa nieleze kilichonishika. Mimi ni afisa wa zamu melini. Kila zamu naandika kitabuni upepo unatoka wapi, nguvu yake, mawingu, hali ya bahari. Boudin naye, alipochora anga kwa chaki za rangi, aliandika pembeni tarehe, saa na upepo! Mshairi Baudelaire alizitazama picha hizo mwaka 1859, akasema hata ukiyaziba maandishi kwa mkono, bado utabashiri msimu, saa na upepo.

Nikajaribu. Nilisimama mbele ya picha moja ya rangi ya mafuta, haizidi viganja viwili. Bahari ni mkanda mwembamba wa kijivu chini kabisa; kwingine kote ni anga. Wingu limepigwa kwa brashi pana, kitako bapa, cheusi, kichwa kimeraruka kuelekea upande mmoja. Nikasema moyoni: upepo wa magharibi, saa tisa hivi, na mvua haichukui nusu saa itakuwa imefika. Wingu hilo nalijua. Nimelivalia koti mara nyingi katika bahari hii baina ya Ufaransa na Uingereza.

Ng'ombe wake wanapendeza, ila sikuwakalia. Picha za matajiri wamekaa mchangani Trouville na magauni yao mapana nilizipita upesi zaidi, ingawa hata huko anga limechukua zaidi ya nusu ya picha.

Ushauri wangu: sogeeni karibu hadi muone nyayo za brashi, kisha rudini nyuma hatua nne. Karibu ni rangi tu. Ukirudi nyuma, wingu linaanza kutembea.

Tukipangiwa tena Le Havre nitakuja na makadeti wetu wawili, kabla sijawafundisha kujaza safu ya mawingu kitabuni.