Mlango wa banda la kuku unaojifunga wenyewe: miezi kumi na moja Nala

Mbukwenyi! Karibuni tena Nala, wafugaji wenzangu. Leo utangulizi hakuna, tunashindana na jua. Sasa hivi ni saa kumi na mbili kasoro dakika kumi jioni, na huu mlango mnaouona nyuma yangu utajifunga saa moja kamili, niwepo nisiwepo. Nataka muuone ukijifunga kwa macho yenu, sio mimi kuwasimulia. Kwa hiyo tuongee huku tunausubiri.

Kwanza kwa nini niliununua. Wanaonifuatilia siku nyingi mnajua kazi yangu iko Mtumba, Mji wa Serikali, na nyumbani ndiyo huku, barabara ya Singida. Yaani nauvuka mji mzima asubuhi, nauvuka tena jioni. Siku nyingi nikifika hapa ni saa mbili usiku. Kuku hawanisubiri mimi, wao wanaingia jua likizama, wanapanda kwenye fito zao, wanalala. Mlango unabaki wazi mpaka mwenye banda arudi. Mwaka jana mwezi wa saba nilirudi saa tatu, nikafunga banda kama kawaida bila kumulika ndani. Asubuhi nimefungua nakuta kuku tisa wamelala chini. Walioliwa ni wawili tu, wengine wameumwa shingoni wakaachwa. Kicheche. Huku kwetu kila kinachoua kuku usiku tunakiita kicheche, inawezekana alikuwa kanu, inawezekana alikuwa fungo, mimi sikumuona na sikuwa na hamu ya kumuona. Na kinachoniuma mpaka leo, huenda nilimfungia humo humo ndani nao.

Ndiyo nikaagiza hii kitu. Niliipata kwa muuzaji wa Kariakoo, ikaja kwa basi, jumla na nauli ya mzigo shilingi 190,000. Najua kuna mtu ameshaanza kupiga hesabu. Ndiyo, kwa hela hiyo unapata matetea kama tisa wazuri wa kienyeji wa Singida. Idadi ile ile aliyoniulia.

Ngoja nisogeze kamera. Hapa. Juu kuna kisanduku cha plastiki, ndani yake kuna mota, betri nne ndogo zile za rimoti ya ukubwa huu, na saa. Chini yake kuna bamba la alumini linalopanda na kushuka kwenye reli mbili. Nafasi ya kupita nimeipima mwenyewe: upana sentimita 23, kimo 28. Tetea anapita bila shida. Jogoo wangu wa kuchi, mrefu kama mlinzi wa benki, inabidi ainame, na kila siku anainama kwa hasira.

Sasa angalia pembeni mwa bamba. Umeona haya meno? Gia ya mota inakamata humu. Ipo milango mingine inayovutwa na kamba, bamba linaning'inia tu kama pazia. Ukienda dukani ikatae ile ya kamba, kwa sababu mnyama akiingiza kucha chini anainyanyua. Hii ya meno, nikishaufunga... ngoja nibonyeze. Sikiliza mlio. Kama cherehani inayoshona polepole, si ndiyo? Hesabuni na mimi... kumi na sita, kumi na saba. Umefika chini. Sasa nanyanyua kwa vidole. Hauendi. Kwa mikono miwili, hauendi. Hapo ndipo hela yangu ilipo.

Jaribio la pili mliliomba nyie wenyewe: je, haumkati kuku? Nina nyanya hapa. Naiweka kizingitini, nafunga. Unashuka, unashuka, umeigusa... na umerudi juu. Iangalieni nyanya. Ina mkunjo kidogo kwenye ngozi, haijapasuka. Kwa kuku mkubwa sina wasiwasi. Kifaranga wa siku tatu sijamjaribu na sitamjaribu. Mwenye vifaranga namfungia chumba cha peke yake na mlango wa kawaida.

Sasa tuje kwenye matatizo, maana video za kusifia tu zimejaa huko.

Huu mlango una njia mbili za kujua muda. Moja ni sensa ya mwanga, hii tundu ndogo kama jicho la samaki: kukiingia giza unajifunga, kukipambazuka unajifungua. Nyingine ni saa, unauwekea muda mwenyewe. Mimi nilianza na mwanga kwa sababu nilikuwa nimeangalia wachambuzi wa Uingereza, na wote wanasema mwanga ndiyo mpango mzima. Wiki ya pili nimerudi saa nne usiku, mlango uko wazi, kuku wanakoroma. Kumbe jirani ameweka taa ya ulinzi, inapiga moja kwa moja kwenye jicho la mlango wangu. Mlango unasubiri usiku uingie, na usiku hauingii.

Halafu nikakaa nikafikiri. Wale wenzetu wana haki yao. London mwezi wa kumi na mbili jua linazama kabla ya saa kumi jioni, mwezi wa sita linazama saa tatu na kitu usiku. Mtu wa namna hiyo akitumia saa atabadilisha kila wiki. Hapa Dodoma jua lina adabu, mwaka mzima muda wa kuzama unacheza ndani ya kama nusu saa tu. Kwa hiyo sisi tunatumia saa. Sensa kwetu ni mzigo, tena kwa vumbi hili letu la kiangazi, jicho likifunikwa mlango haujui tena kama kumekucha au kumekuchwa.

Lakini saa nayo ina mambo yake. Hii sasa ndiyo stori niliyowaahidi.

Mwezi wa kumi nilikuwa safarini Kondoa, siku tatu. Nyumbani nilimwacha kijana wa kaka yangu, amemaliza kidato cha nne, kichwa chake kiko vizuri tu. Siku ya kwanza jioni ananipigia: shangazi, mlango una taa nyekundu, haujajifunga. Betri zimeisha. Nikamwambia nenda dukani, nunua nne, weka, ubonyeze kufunga. Sasa huu mlango ukitoa betri, saa yote inafutika, unaanza upya kama mtoto. Nikamwelekeza kwenye simu namna ya kuweka. Akaniuliza, kufungua saa ngapi? Nikamwambia saa kumi na mbili na nusu. Kufunga je? Saa moja kasorobo. Akasema sawa shangazi, nimeshaweka.

Mmeshaelewa?

Kijana kaandika 12:30 kufungua na 12:45 kufunga. Kaandika nilichosema! Na mashine yenyewe inahesabu saa ishirini na nne za Kizungu. Kesho yake asubuhi yeye kaondoka mapema kwenda mjini, kuku wamebaki ndani. Oktoba, ndugu zangu, bati juu, jua la Dodoma la mwezi wa kumi. Saa sita na nusu mchana mlango ukafunguka vizuri kabisa. Robo saa baadaye, saa saba kasorobo, ukajifunga vizuri kabisa. Waliowahi kutoka wakabaki nje, hawana pa kutagia. Waliobaki ndani wakaendelea kuiva. Kijana karudi saa tisa anakuta kuku wametanua mabawa, midomo wazi, maji ya ndani yamekwisha. Hakufa hata mmoja, sijui kwa nini. Mayai tuliyaokota kwenye gunia la mkaa.

Nilitaka kumfokea, nikakumbuka aliyesema saa kumi na mbili na nusu ni mimi. Kwa hiyo sasa nimebandika karatasi hapa ndani ya mfuniko, mnaiona: KUFUNGUA 07:00, KUFUNGA 19:00. Saa moja na saa moja. Hata bibi akija anaweza.

Na betri zenyewe zilizoleta hayo yote ni kosa langu pia. Wa Kariakoo alinitumia mlango bila betri, mimi nikaweka zile za bei ya chini, za redio. Redio inakula kidogo kidogo, mota inataka nguvu kwa mkupuo, zile haziwezi. Nunua betri za alkali, imeandikwa kwenye ganda. Nilizoweka nilivyorudi kutoka Kondoa bado zinapiga kazi mpaka leo, Julai hii. Na umeme wa ukutani hauhusiki kabisa, ukikatika usikatike mlango haujui habari hizo. Hilo nalipenda.

Halafu kuna Februari. Nilisema jua lina adabu, lakini nusu saa ni nusu saa. Niliporudi kutoka Kondoa niliweka kufunga saa moja kasorobo, kwa Oktoba inatosha kwa sababu jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu. Nikasahau. Februari jua hapa linazama saa moja. Mlango ukawa unajifunga robo saa kabla ya jua kuzama, kuku bado wanachakura kwenye majani ya mvua. Nimefika usiku, namulika tochi: wawili tu ndiyo wako ndani. Wengine wote wamejipanga juu ya mwarobaini kama nguo kwenye kamba. Tukawashusha mimi na kijana, mmoja mmoja, mpaka saa tano. Tulipungukiwa na mmoja, na manyoya yake tuliyaona asubuhi karibu na choo. Sasa kipindi cha mvua, Desemba mpaka Aprili, naisogeza kufunga iwe 19:20. Nimeweka alamu kwenye simu ya kunikumbusha mara mbili kwa mwaka.

Vumbi. Njoo karibu hapa chini kwenye reli. Huu mchanga laini umeingia leo tu, upepo wa asubuhi. Ukijaa, bamba linagota kabla ya kufika chini, mashine inadhani kuna kuku, inarudi juu. Inajaribu, inarudi. Mara ya tatu inakata tamaa, inaacha wazi. Dawa ni mswaki wa zamani, kila Jumapili, dakika mbili. Msipake mafuta! Fundi wangu alipaka grisi, ikachanganyikana na vumbi ikawa uji wa ulezi. Na fundi huyo huyo mwanzoni aliuweka sawasawa na sakafu, maranda yakawa yanabanwa chini ya bamba kila jioni. Nikamwambia apandishe kizingiti kiasi cha shubiri moja, na auhamishie upande wa magharibi, maana upepo wetu unatoka mashariki. Shida ikapungua sana, haijaisha.

Kuku kuuzoea ilichukua siku nne. Niliwafungia ndani siku zote nne, chakula na maji humo humo, ya tano nikaacha mashine ifanye. Wale waliozoea kulala mtini wasumbufu, nikaweka kitaa kidogo cha sola ndani kinachowaka jioni. Kuku hapendi kuingia shimo jeusi. Akiona mwanga anaingia.

Vitu ambavyo huu mlango hauvifanyi navipitia haraka, jua linazama. Nguchiro na mwewe wanakuja mchana, mlango uko wazi, haukusaidii. Ugonjwa wa kideri haupigi hodi, chanjo ni chanjo. Mwizi wa kuku hapiti kwenye tundu la sentimita 23, anakata waya, kwa hiyo mlango mkubwa wa banda una kufuli lake kama zamani.

Jirani yangu, mzee wa Kigogo, alikuja kuutazama siku ya kwanza. Kakaa kwenye ndoo mpaka ukajifunga. Akaniambia, kuku wako wana geti la umeme, wewe mwenyewe unashuka kwenye gari kusukuma la kwako. Sikuwa na jibu.

Maksi? Saba kwa kumi. Kama unashinda nyumbani, au kuna mtu wa kuaminika wa kufunga jioni, hela hiyo nunua waya mzuri na chakula. Kama unarudi usiku kama mimi, nunua, ila ya meno, sio ya kamba.

Haya, saa moja kasoro dakika nne. Geuza kamera, geuza. Wanaingia wenyewe, unaona? Huyo jogoo, inama baba, inama, haya. Nina ishirini na wanne, tuhesabu kwa dirishani. Nne, nane... usisogee, una madoa wewe, nimeshakuhesabu... kumi na tisa, ishirini na moja, ishirini na tatu.

Ishirini na tatu.

Mwekundu yuko wapi? Yule wa kibwenzi. Zimebaki dakika mbili. Nishikie simu, angalia nyuma ya tanki. Hayupo? Kwenye gunia la mkaa? Haya, huyo huyo, njoo mama, njoo hapa, usinipige mabawa. Mlango unashuka! Shika, shika bamba kwa mkono lirudi juu. Haya ingia. Ingia.