Apu ya kulipia, shuka la Kibuye na kibanda cha kuprinti: picha za viza tulizopiga sebuleni Kisumu

Nianze na nyota kabisa, kati ya tano, ili mwenye haraka aende zake. Apu ya kulipia nyota mbili, kikatio cha picha cha bure cha serikali ya Marekani mtandaoni nyota nne, kibanda cha kuprinti hapa mjini nyota nne, na shuka jeupe la mtumba kutoka soko la Kibuye nyota tano bila kupepesa macho. Wewe mwenye bando na muda, vuta kiti.

Kwetu mwaka huu kila mtu ni wa kusafiri. Mama mkwe amealikwa Marekani na bintiye, shemeji anasaka mafunzo ya unesi Ujerumani, halafu kuna katoto ka dada yangu ambako babake ni raia wa Uingereza kwa hivyo nako kanatafutiwa pasipoti ya huko. Watu watatu, nchi tatu, na kila nchi na masharti yake. Hii pasipoti ya kwetu Kenya haina shida sana kwa sababu ukienda kuweka alama za vidole wanakupiga picha hapo hapo kwa kaunta, lakini picha ya kupeleka ubalozini au kupakia mtandaoni ni yako mwenyewe na ikikosea ni wewe unarudishwa nyuma. Na ukiingia studio nyingi useme tu unataka picha ya pasipoti, unapigwa ile ya kubandika kwa fomu ya shule na ya chama, unakatiwa nne unalipa unaondoka, hakuna mtu anakuuliza inaenda wapi.

Na kuuliza ni lazima kwa sababu saizi si moja. Marekani wanataka inchi 2 kwa 2, yaani milimita 51 kila upande, na kichwa kutoka kidevuni hadi utosini kiwe kati ya milimita 25 na 35. Ukijaza fomu yao mtandaoni faili iwe mraba, pikseli 600 hadi 1200, isizidi kilobaiti 240. Ujerumani na wenzake wa Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja, ni milimita 35 kwa 45, uso wenyewe milimita 32 hadi 36, mdomo umefungwa, hakuna kuchekacheka. Mchina ana yake ya 33 kwa 48. Uingereza ukiomba pasipoti mtandaoni wanataka faili ya angalau pikseli 600 upana na 750 urefu, tena wanakwambia usiikate, acha mabega na kifua vionekane watakata wenyewe, na iwe imepigwa ndani ya mwezi mmoja. Marekani wanakubali hadi miezi sita. Wale wa bahati nasibu ya green card, kile kibali cha kuishi Marekani, pia wajue, picha uliyotumia mwaka jana usiirudishe mwaka huu, hiyo ni njia rahisi sana ya kujiondoa mwenyewe.

Sasa apu. Jina sitaji, ukitafuta picha ya pasipoti kwa simu zinakuja nyingi na zimeumbwa kwa mtindo mmoja. Unapakua bure, unachagua nchi, unapiga picha, inakuzungushia duara pale katikati, inaandika kwa kijani ati imekubalika asilimia mia, unafurahi, unabonyeza kuhifadhi ndio sasa unaonyeshwa bei kwa dola. Ukipiga hesabu ni zaidi ya shilingi elfu moja na mia tano kwa picha moja ya kwenye simu yako, iliyopigwa na kamera yako, kwa mwanga wa jua ambao hawakuuleta wao. Kwanza hilo la kuficha bei hadi mwisho ni tabia ya mwenye duka anayekupimia sukari kabla hajasema kilo ni ngapi.

Lakini bei ningeivumilia kama kazi ingekuwa safi. Mama mkwe ana mvi kichwa kizima, amezinyoa fupi, zinampendeza kweli. Apu kazi yake kubwa ni kufuta kilicho nyuma yako na kuweka weupe, sasa ikakutana na mvi nyeupe mbele ya ukuta mweupe ikachanganyikiwa. Ilimkata utosi. Ukikuza picha unaona paji la uso linapanda vizuri halafu kichwa kinaisha ghafla kama kimepigwa pasi, na sikio la kushoto limebaki nusu. Na juu yake imeandikwa kijani, imekubalika. Mama mkwe akavaa miwani yake akaitazama sana kisha akaniuliza, "Mwanangu, huyu ni mimi au ni mtu wa ukoo wenu?"

Kuna jambo lingine zito kuliko utosi. Masharti ya Marekani yanasema wazi usibadilishe picha kwa programu ya kompyuta, kwa apu, kwa filta wala kwa akili bandia. Sasa apu inayofuta ukuta na kulainisha ngozi inakufanyia nini kama si hicho hicho kilichokatazwa? Unalipa mtu akuharibie fomu. Ile asilimia mia ya kijani haina uhusiano wowote na afisa atakayeangalia picha yako, yeye hajui apu yako na hajali. Nyota mbili nimetoa kwa sababu mistari ya kuonyesha kidevu na utosi viwe wapi inasaidia, na ilifunguka haraka hata kwa simu ya zamani. Basi.

Kikatio cha Marekani kiko kwenye tovuti yao ya travel.state.gov, upande wa picha za viza. Ni bure. Unapakia picha, unasogeza kichwa kikae ndani ya alama, kinakukatia mraba wa pikseli 600 unahifadhi. Hakifuti ukuta, haking'arishi uso, hakikwambii picha ni nzuri au mbaya, kinakata tu. Mimi nimekipenda kwa hiyo adabu yake. Nyota moja nimeinyima kwa sababu kwenye simu ndogo kusogeza kwa kidole ni kazi, ukigusa vibaya picha inaruka, bora kompyuta ya saiba au ya mtoto wa jirani. Na kwa Ujerumani hakikusaidii, hapo tulikata wenyewe kwa programu ya kawaida ya picha tukaweka pikseli 413 kwa 531, ambayo ukiprinti kwa doti 300 kwa inchi inatoka 35 kwa 45 sawasawa.

Lakini hayo yote ni ya mwisho. Picha inafaulu au inafeli kabla hujabonyeza, na kwa watu weusi kama sisi kuna jambo moja ambalo maelezo mengi ya mtandaoni hayagusi kabisa. Kamera ya simu ikiona ukuta mweupe mkubwa inadhani pahali pana mwanga mwingi, inapunguza, na wa kuumia ni uso. Ukuta unakuwa kijivu na wewe unakuwa kivuli chenye meno. Dawa yake si fleshi, fleshi inakupaka mafuta kwenye paji la uso na kukuchorea kivuli kirefu nyuma ya masikio. Dawa ni kugusa uso kwenye kioo cha simu, usubiri kile kijua kidogo kitokee, ukivute juu polepole mpaka uone ngozi yenyewe, uone nyusi zimejitenga na paji, uone mboni ya jicho. Ukuta ukizidi kung'aa kidogo hakuna neno, ni mweupe hata hivyo.

Mwanga mzuri hapa Kisumu ni wa asubuhi, saa mbili saa tatu hivi, kabla jua halijawa kali. Fungua mlango au dirisha kubwa, mtu akae akitazama huko, mgongo wake uwe kwa shuka. Tuliona pia nyumba yetu ina shida yake, sebule imepakwa kijani hadi kiunoni, ile rangi ya mafuta inayong'aa, na jua likiipiga ile kijani inarudi kwa mashavu, shemeji akawa kama ana malaria. Tukatandika lesso juu ya ile sehemu ya ukuta iliyokuwa karibu naye ikaisha. Na taa ya ndani zima, ikichanganyika na jua uso unakuwa upande bluu upande njano.

Shuka ndilo lililofanya kazi yote. Nililipata Kibuye kwa mama mmoja wa mitumba, la pamba, zito, halina ua wala mstari, bei ya chai na mandazi ya watu wawili. Lazima upige pasi, mikunjo inaonekana. Ulitundike kwa misumari ya pazia halafu mtu asiliegemee, akae mbele yake kama nusu mita ili kivuli kianguke chini na si nyuma ya kichwa. Kwa mama mkwe tulibadilisha tukaweka shuka lingine lililokuwa limefifia kuelekea rangi ya maziwa, maana Marekani wanakubali nyeupe na hiyo iliyofifia pia, na mvi zake zikajitokeza vizuri bila mtu kufuta chochote. Miwani akavua, hiyo waliikataza tangu Novemba 2016. Blauzi nyeupe pia akavua akavaa ya zambarau, la sivyo unaona kichwa kinaelea.

Mwenye kitambaa cha kichwa cha dini, iwe hijabu au kilemba cha kanisa unachovaa kila siku, wanakubali mradi uso wote uonekane na kitambaa kisitupe kivuli kwa macho. Sare za kazi Marekani hawataki, kwa hivyo askari na mlinzi mvae nguo za nyumbani.

Simu isiwe selfi. Kamera ya mbele ukiinyoosha kwa mkono iko karibu mno, pua inavimba na masikio yanakimbilia nyuma. Tumia kamera ya nyuma, mtu mwingine apige akiwa mbali kama mita moja na nusu, akuze mara mbili, simu ikiwa usawa wa macho. Sisi tuliiegemeza kwenye pakiti ya unga juu ya stuli tukaweka taima. Na kabla ya yote ingia kwa mipangilio ya kamera uzime ile ya urembo, simu nyingi zinazouzwa huku zinakuja nayo ikiwa imewashwa tayari, inakuondolea kovu na makunyanzi bila ruhusa. Shemeji ana kovu kwenye nyusi tangu utotoni, picha ya kwanza lilikuwa limepotea, sasa fikiria uko mbele ya afisa wa uhamiaji na kovu liko usoni lakini kwa karatasi halipo.

Mtoto mchanga usimpakate. Tandika shuka chini karibu na mlango, mlaze chali, simama juu yake lakini usimzibie mwanga na mwili wako. Uingereza kwa wa chini ya mwaka mmoja hawalazimishi macho yawe wazi, na kichwa unaweza kukishikilia kwa mkono ila mkono usionekane. Hakuna chuchu ya mpira, hakuna mdoli. Dada alikuwa anaita jina kutoka nyuma yangu, katoto kakageuza macho juu, nikapiga nyingi mfululizo tukachagua. Anayetaka kupeleka mtoto studio amkalishe kwa kile kiti cha kuzunguka, namtakia kila la heri.

Kwa kuprinti, hapo ndipo nilipowapa vijana wa kibanda nyota zao. Kuna saiba nilianza nayo iliyoweka picha ndani ya Word na kuivuta kwa panya mpaka ikajaa, shemeji akatoka na shingo ya ng'ombe, na karatasi ilikuwa ya kawaida ya fotokopi. Nikavuka barabara. Kwa kile kibanda kijana aliniuliza swali la kwanza, inaenda nchi gani. Akapanga picha kwenye karatasi moja ya inchi 4 kwa 6, hapo zinaingia sita za Marekani au nane za Schengen, akahakikisha mashine haijawekewa amri ya kujaza ukurasa, akatumia karatasi ya picha yenyewe. Zilipotoka akachukua rula ya plastiki akapima kutoka kidevu hadi utosi wa shemeji mbele yangu, milimita 34, akanionyesha. Karatasi nzima mia mbili. Nyota moja imebaki kwake kwa sababu ya foleni na stima ikipotea ndio mwisho wa kazi, jenereta hana.

Ukimtumia picha kwa WhatsApp tuma kama dokumenti, ukituma kama picha inakondeshwa inafika imechoka. Na ile mashine ya kukatia yenye kona za mviringo mkataze, inakula milimita pembeni. Mwambie akupe karatasi nzima, ukate mwenyewe nyumbani kwa wembe na rula ya chuma, na picha usizishike kwa vidole mpaka dakika chache zipite zikauke.