Ubuntu 24.04 kwenye kompyuta za dukani: nzuri, ila jiandae

Kwa maduka ya kuchapa na kutoa kopi pale Ngamiani, Tanga, kupandisha Ubuntu (mfumo endeshi wa kompyuta) 22.04 kwenda 24.04 kunalipa: masasisho ya usalama ya bure yanafika 2029. Kasheshe huanza ukishawasha upya.

Programu za AppImage (zinazokuja kama faili moja, bila kusakinishwa) ndizo hugoma kwanza. Unabofya, kimya. Ukiziendesha kwenye terminali utaona zinalilia libfuse.so.2, faili la maktaba zinalolihitaji. Dawa yake ni `sudo apt install libfuse2t64`. Tafadhali sana, usisakinishe kifurushi kiitwacho `fuse`: kinagombana na fuse3, toleo jipya lililopo tayari, na apt (kisakinishi cha Ubuntu) inaweza kuondoa sehemu za desktopu ili kukipisha. Soma orodha ya vinavyoondolewa kabla ya kukubali.

Python nayo inaruka kutoka 3.10 hadi 3.12, kwa hiyo mazingira ya venv (folda zenye vifurushi vya Python vya kila mradi) ya zamani hayafanyi kazi tena. Yafute, uyaunde upya. Skripti zinazotegemea distutils, moduli ya zamani ya Python ya kufungasha programu, zitakwama pia, maana moduli hiyo imeondolewa.

Hazina za nje (vyanzo vya programu visivyo vya Ubuntu yenyewe), zikiwemo PPA za watu binafsi, huzimwa wakati wa kupandisha. Washa tu zile zenye toleo la noble, yaani jina la 24.04.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, anza na `sudo dpkg --configure -a`, kisha `sudo apt --fix-broken install`. Mara nyingi mashine inasimama tena. Hata hivyo, bila UPS au betri nzima, usianze kabisa.

Nyota nne kati ya tano. Moja imeondolewa kwa sababu ya AppImage: kugoma bila hata ujumbe wa kosa ni kumtesa mtumiaji.