Sufuria kubwa ya supu: ipi ununue Kisumu, na ipi uiache sokoni

Kabla ya kwenda soko la Kibuye kutafuta sufuria ya kuchemshia mifupa, githeri au kichwa cha mbuta, liangalie kwanza jiko lako. Sufuria ya lita 10 ikijaa ni kilo 10 za maji peke yake. Weka mifupa, weka uzito wa sufuria yenyewe, unakaribia kilo 14. Huo mzigo hauendi juu ya meko ya kilo 6, ile ya kichomeo kinachokaa juu ya mtungi wa gesi, hasa mtungi ukiwa unaelekea kuisha na umekuwa mwepesi. Wa meko asivuke lita 6. Lita 8 hadi 10, zinazotosha familia ya watu sita na kubakisha, ni za jiko la gesi la mezani lenye vyuma vipana au jiko la makaa lililotulia sakafuni.

Umbo nalo lina maana kuliko wauzaji wanavyokubali. Sufuria yenye upana wa sentimita 24 na kina cha 24 hubeba karibu lita 11. Yenye upana wa 28 na kina cha 18 hubeba hizo hizo 11, lakini uso wa supu ni mpana zaidi kwa theluthi moja na ushee, kwa hiyo maji hukauka haraka na unakuwa mtu wa kuongeza maji kila saa. Ya supu iwe ndefu. Ile pana iache kwa pilau na ugali wa wageni.

Sasa mpangilio wangu.

Nafasi ya kwanza ni stenlesi yenye kitako kinene. Neno muhimu hapo ni kitako. Stenlesi yenyewe hupitisha joto vibaya, alumini huishinda zaidi ya mara 10, na ndiyo maana stenlesi nyembamba huunguza maharagwe pale moto unapogusa huku pembeni kukiwa bado. Nzuri imebandikwa sahani ya alumini chini, kisha ikafunikwa. Igeuze uutafute ukingo wa hiyo sahani kwa kidole, halafu igonge: kitako kinene hutoa mlio mfupi mzito, chembamba hulia kama kengele. Mikono iwe ya chuma, iliyopigwa ribiti au kuchomelewa, maana ya plastiki haimalizi mwezi kwenye makaa. Kuna wanaokuja na sumaku ili kujua kama stenlesi ni "orijino". Sumaku haisemi hivyo. Stenlesi ya 18/10, yaani yenye kromi asilimia 18 na nikeli 10, haishiki sumaku vizuri, na aina nyingine ya stenlesi, halali kabisa, huishika. Kipimo hicho kina kazi kwa mwenye jiko la induksheni tu, lile la umeme linalopasha sufuria kwa nguvu ya sumaku. Bei yake ni mara kadhaa ya alumini, hilo halifichiki.

Ya pili ni alumini nzito ya kiwandani, sufuria tunayoijua wote. Muuzaji atakwambia, "Kastoma, hii ni ya maisha." Bonyeza kitako kwa vidole gumba viwili, kikibonyea, maisha hayo ni mafupi. Nzito hupasha joto sawasawa, ni nyepesi kuinua kuliko stenlesi, na kwa mifupa, kuku wa kienyeji na githeri haina ubaya wowote.

Shida yake huku kwetu magharibi ni mboga. Mrenda na kunde hupikwa kwa magadi, au kwa munyu musherekha, ile chumvi inayochujwa kwenye majivu. Vyote viwili hula ngozi nyembamba inayoikinga alumini, na ndiyo sababu sufuria mpya hugeuka nyeusi ndani baada ya kunde za kwanza. Nyanya nyingi, ndimu na maziwa lala hufanya kazi hiyo hiyo kwa upande wa uchachu, na mchuzi wa nyanya ukilala humo huacha vishimo vidogo na ladha ya chuma. Kupika si neno. Kulaza ndiko kubaya. Ukiipua, hamisha. Mwenye chungu cha udongo aendelee kupikia mrenda humo, bibi zetu hawakukosea.

Ya tatu, presha kuka ya lita 7. Kisumu iko mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka karibu nyuzi 96. Nakuru, iliyo juu zaidi, ni karibu 94. Ndiyo maana maharagwe makavu hukaidi. Presha huondoa tatizo hilo, na kwa matumbo au maharagwe peke yake ningeipa namba moja. Ila haijazwi kupita theluthi mbili, na kwa nafaka nusu tu, kwa hiyo lita 7 si lita 7.

Enameli, yaani chuma kilichopakwa tabaka la kioo, ni ya nne. Haijali ndimu wala magadi, ila kitako ni chembamba na ikibanduka ndani, imekwisha.

Ya mwisho kabisa ni ile ya alumini nzito ya kuyeyushwa kutoka vyuma chakavu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017, uliopima vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10, Kenya ikiwemo, ulikuta baadhi vikitoa madini ya risasi katika jaribio la kuiga upishi. Kwa macho huwezi kujua kipi kina risasi. Uzito wake unavutia, lakini iache.

Ukishainunua, mifupa ianze na maji baridi. Engua povu lote linalopanda kabla ya kutia kitunguu na tangawizi, kisha funga mlango wa jiko na ufunike makaa kwa jivu kidogo ili supu itokote tu. Mifupa ya ng'ombe huhitaji saa nne hadi sita. Kichwa cha mbuta dakika 40, zaidi ya hapo huanza uchungu. Kwenye stenlesi, chumvi itiwe maji yakiwa yamechemka, la sivyo hutulia chini na kuacha madoa ya vishimo.

Na usiiache lita 10 ya supu ipoe yenyewe usiku kucha katika joto la Kisumu. Katikati hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, na kuna sumu za bakteria ambazo kuchemsha asubuhi hakuziondoi. Igawe kwenye vyombo vidogo, viweke ndani ya beseni la maji, badilisha maji yakipata moto, na ndani ya saa mbili iwe kwenye friji. Asiye na friji apike ya kuisha jioni hiyo hiyo.