Tahadhari: hedi ya Datsun iliyopigwa picha juu ya leso nyekundu

Ndugu zangu wa magari ya zamani hapa Mombasa, kuna muuzaji spea anayejidai ana mzigo wa kontena Shimanzi. Amenila shilingi 38,000 za hedi, kile kifuniko cha juu ya injini, na sitaki amle mwengine.

Natengeneza Datsun 160J, ndugu wa zile Violet ambazo Shekhar Mehta alishinda nazo Safari Rally mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Bloki yangu, yaani mwili wa injini, ni ya L20B, moja ya injini za L za Datsun, na nilikuwa natafuta hedi yenye alama ya A87 na chemba finyu (chemba ndipo mafuta yanapowakia), ile iliyobanwa katikati kama ganda la njugu, ili kompresheni, mgandamizo ndani ya silinda, ipande. Jamaa akanitumia picha: hedi imelazwa juu ya leso nyekundu, alama ya A87 yaonekana wazi karibu na plagi ya kwanza. Nikatuma M-Pesa. Kosa langu lilikuwa hapo, maana A87 zilitoka aina mbili, chemba finyu na chemba wazi, na alama ni ile ile. Usipoiona upande wa chini hujui unanunua ipi.

Iliyokuja ni ya chemba wazi. Hilo ningelivumilia. Lakini nilipopima kimo chake kwa kalipa ilisoma milimita 105 na nusu, na hizi zikitoka kiwandani huwa karibu 108. Imekwanguliwa mno. Hedi ikishuka, kamshafti, mhimili unaofungua valvu, hushuka nayo, cheni ya taiming inayoizungusha inalegea na valvu zinachelewa. Fundi mwaminifu huweka shimu, vipande vyembamba vya chuma, chini ya vishikio vya kamshafti kufidia. Hapakuwa na hata moja.

Na vishikio vyenyewe ni vya hedi nyengine! Hivi huchongwa pamoja na hedi yake, havichanganywi. Tulitoa roka zote, vyuma vinavyosukuma valvu, kamshafti ikawa yazunguka kwa vidole viwili. Nikakaza bolti za vishikio, ikakwama. Nikalegeza, ikazunguka. Nikakaza tena, ikakwama. Kisha mzee wangu wa gereji akapitisha ukucha kati ya viti vya valvu vya silinda ya tatu: rangi ya fedha ikabanduka, chini yake gundi ya kijivu, na chini ya gundi, ufa.

Nimempigia muuzaji simu, akaizuia namba yangu. Polisi nimeripoti.

Anayetafuta hedi ya L adai picha ya chemba, aende mwenyewe na kalipa, azungushe kamshafti bolti zikiwa zimekazwa, na pesa zisitoke mfukoni kabla karakana ya injini haijaipima kwa presha kuona kama ina ufa.

Jana usiku nimeiona tena picha ile ile, leso ile ile nyekundu, pembeni kidole gumba cha mtu. Sasa anaitangaza kuwa hedi ya L18, "haijawahi kufunguliwa", na bei ameipandisha hadi 45,000. Hedi ya kweli iko kwangu Kisauni, chini ya meza, na ufa wake.